Mwalimu wa Kioo cha Bluu

Wateja wengine wa vioo hugonga kwa kucha. Wengine hukiinua kioo juu na kukitazama kwenye jua kana kwamba wananunua almasi. Yeye alikuwa anakipulizia. Anakileta karibu na mdomo, anatoa pumzi ndefu, kisha anatazama ule ukungu unavyoondoka. Ukiondoka sawasawa, kioo ni kisafi, anachukua. Ukiondoka mabakamabaka, anakirudisha mezani na kuniambia nimekifuta kwa tambaa lenye mafuta. Na kweli lilikuwa na mafuta, maana juu ya meza ileile ndipo nilipokuwa nakula sambusa zangu. Miaka ile nilikuwa na duka la vioo Busia, upande wa Uganda, na hakuna mteja aliyenikera kumzidi mwalimu huyu wa kemia, wala hakuna ninayemkumbuka kwa raha zaidi.

Alifundisha shule ya wasichana kule Tororo. Jumamosi, barabara ikiruhusu, alishuka Busia kwa lori la saruji, amevaa gomesi iliyopigwa pasi mpaka inakata, viatu vya kisigino amevishika mkononi visichubuke, na kikapu chenye chupa zinazogongana. Mjini tulimwita Mwalimu, basi, kana kwamba hapakuwa na mwingine. Mimi aliniita Haji tangu siku ya kwanza. Nilimwambia sijafika Makka hata kwa ndoto. Akasema mtu anayefungua duka la vioo katika nchi yenye risasi nyingi kiasi hiki ana imani kuliko mahujaji wengi, nami nikaliacha jina libaki kwa sababu nilipenda lilivyosikika.

Ilikuwa miaka ya wanajeshi. Sitaieleza sana. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wameshahadithiwa mpaka wamechoka. Wahindi wenye maduka walikuwa wamefukuzwa, walimu wa kigeni waliondoka mmojammoja, chumvi na sabuni zikawa vitu vya kufichwa chini ya kitanda. Shuleni kwake, walimu wote wa sayansi walipomalizika, alibaki yeye. Siku moja Meja wa kambi ya jirani akafika kutembea. Akaingia maabara, akaona paa zima, madirisha yenye nondo, mlango wenye makufuli, na rafu hazina kitu. Akasema hii si maabara, ni chumba kitupu, na jeshi lina mali nyingi linatafuta chumba kitupu.

Mkuu wa shule, mtu mpole aliyependa amani kuliko chakula, aliitikia kwa kichwa. Mwalimu ndiye aliyefungua mdomo. Alimwambia Meja kuwa maabara inafanya kazi, na kama haamini, aje mwisho wa muhula aone kioo kinachobadilika rangi kikiamrishwa. Meja alicheka sana. Akasema sawa, atakuja, na malori yatakuja nyuma yake. Kioo kikigoma, siku hiyohiyo wasichana watatoa meza nje na askari wataingiza mali. Hapo ndipo darasa la sayansi lingekufa, maana bila maabara hakuna mtihani wa vitendo, na bila mtihani huo wale wasichana wangerudi kwao kulima na kuolewa, hata yule aliyekuwa na akili ya kuwa daktari.

Aliponihadithia, nilimwuliza kama kioo hicho amekwisha kukitengeneza. Akasema bado. Nikamwuliza kama amewahi kukiona kwa macho yake. Akasema amekisoma kwenye jarida. Nilimtazama nikidhani ameanza kuugua.

Alikuwa mtu wa kinyume na kinyume. Kanisani alikuwa mstari wa mbele, na ukimtajia pombe anakunja uso, lakini katika kikapu chake hapakukosekana chupa ya enguli, ile pombe ya kienyeji inayokenekwa kwa mvuke, kali kama moto. Aliitumia kuyeyushia dawa zake kwa sababu spiriti ya maabara ilikwisha zamani. Nikawa mimi, Mwislamu wa kuzaliwa, ndiye ninayemtafutia enguli iliyo safi, na wauzaji wakawa wananikonyeza. Mke wangu alilisikia jambo hilo sokoni kabla sijamweleza. Wiki ile chakula kilikuwa kinatua mezani kwa kishindo.

Uongo aliuchukia. Msichana akimwambia kalamu imepotea na kumbe amemwazima mwenzake, atafagia maabara mpaka mwisho wa mwezi. Lakini kwenye vizuizi vya barabarani alidanganya kwa ulaini ambao hata sisi wafanyabiashara tuliuonea wivu. Askari mmoja alimkuta na vioo, nyaya na betri ya tochi, akaanza kusema bomu, bomu. Mwalimu akamjibu bila kupepesa kwamba ni vifaa vya miwani ya askofu, na kwamba askofu ni mgonjwa wa macho na anamngoja. Kisha akampa kioo akipulizie kuona ubora wake. Askari akapulizia, akatazama ukungu ukiondoka, akaridhika kabisa. Nilipomkumbusha habari za wasichana na kalamu, alisema ukweli ni chakula, hapewi kila mpita njia.

Hakuogopa asidi, hakuogopa bunduki, ila bata mzinga alimtoa mbio. Jirani yangu alikuwa na dume moja lenye majivuno, na Mwalimu alikuwa akizunguka mtaa mzima kuja dukani kwangu kwa nyuma. Kiberiti alikitumia kwa uchungu. Njiti moja iliwasha jiko la shule, la nyumbani kwake, na la jirani. Lakini msichana akifika muhula hana karo, yeye alikuwa akienda kuuza kuku wake wa mwisho bila kusema neno, halafu anamkaripia msichana huyohuyo kwa kuvaa soksi chafu.

Kauli yake kubwa ilikuwa hii: kitu hakikatai, ila hujakiuliza vizuri. Aliisema juu ya kufuli lenye kutu, juu ya wasichana wagumu wa hesabu, hata juu ya mke wangu wakati ule wa kishindo. Mimi nilimwuliza kama inamhusu na Meja. Akasema hasa Meja.

Basi akaanza kukiuliza kioo. Kazi ya kwanza ilikuwa kukifanya kipitishe umeme, maana kioo kwa tabia yake hakipitishi. Alivunja vipande vya bati safi, si lile la paa, akaviyeyusha katika asidi, akachanganya na enguli. Kioo nilichomkatia, saizi ya kadi ya posta, akakiweka juu ya sigiri ya makaa mpaka kikaiva kwa joto. Kisha akachukua bomba la dawa ya mbu, lile la kusukuma kwa mkono, akanyunyiza ule mchanganyiko kwa mbali, fyu, fyu, polepole. Moshi ulikuwa unachoma koo, kwa hiyo alifanyia nje, amejifunga kitambaa puani, wasichana wake wakipepea makaa kwa zamu. Kinachobaki juu ya kioo ni utando wa oksaidi ya bati, mwembamba kuliko ule utando wa juu ya maziwa, huuoni kwa jicho ila ukikiinamisha kioo unaona rangi za upinde wa mvua zikitembea. Huo ndio unaopitisha umeme.

Nasema kwa ufupi, lakini vioo vilipasuka vibaya. Akinyunyiza haraka, kioo kinapoa ghafla, pa. Akikitoa kwenye sigiri kabla ya wakati, pa. Jumamosi kwa Jumamosi alinirudia akitaka vingine, nami nikamwambia kwa hasira kwamba anakula duka langu. Akaniuliza kama nataka Meja aweke bunduki mahali ambapo binti yangu angesomea kemia. Binti yangu alikuwa bado ananyonya. Nilikata kioo.

Baadaye aligundua mwenyewe dawa ya kupasuka. Alikifukia kioo kwenye majivu ya moto juu ya sigiri na kukiacha humo kipoe chenyewe mpaka kesho yake, namna mama zetu wanavyofukia viazi. Tangu hapo vilitoka vizima. Aliniwekea kioo cha kwanza mezani, akaunga betri na globu ya tochi kupitia ule utando, na globu ikawaka nyekundu hafifu. Mimi na mteja wangu mmoja, dereva wa kutoka upande wa Kenya, tulibaki tumeinama tukiitazama. Mwalimu alivaa viatu vyake vya kisigino papo hapo dukani na kutembea huku na huku kama bibi harusi. Sijawahi kuona mtu anafurahi vile kwa globu ya tochi.

Kazi ya pili ilikuwa rangi yenyewe. Jarida lilizungumzia oksaidi ya wolfram, ambayo ikipewa umeme hugeuka bluu, na wolfram inachimbwa hukohuko kwetu, magharibi ya nchi. Lakini kuitandaza kulihitaji mashine ya kunyonya hewa, na Tororo nzima hapakuwa na mashine hiyo. Akaamua kutumia bluu nyingine, bluu ya chuma, ambayo hukua yenyewe kwenye kioo ukikitumbukiza ndani ya dawa na kukipa umeme kidogo. Aliniambia kwa haraka siku moja, lori likipiga honi, kwamba sasa anatafuta bluu, nikipata upande wa Kenya nimletee.

Mimi nani nijue? Nilivuka, nikazunguka maduka, nikarudi na mfuko mzima wa bluu ya kufulia, ile ya kung'arishia mashati meupe. Niliipitisha kwa njia ya panya, nimelala kifudifudi kwenye mtaro, doria ikipita juu yangu. Nilipozimwaga pakiti zile mezani kwa fahari, Mwalimu aliketi juu ya kreti na kucheka mpaka machozi yakamtoka, akijaribu kunishukuru na kushindwa. Kisha akanieleza kwa upole kwamba hiyo ni bluu ya ukoo mwingine, haijui umeme. Hakuitupa lakini. Makoti ya maabara ya wasichana yalikuwa meupe kuliko ya hospitali muhula ule.

Bluu ya kweli ilipatikana palepale Tororo, chini ya pua yake. Kiwanda cha saruji kilikuwa na chumba cha wachoraji, na wachoraji walikuwa na chupa ya chembe nyekundu za kuchapia ramani kwenye karatasi za bluu. Fundi mmoja mzee akampa nusu chupa kwa sababu binti yake alikuwa darasani kwa Mwalimu. Chembe hizo nyekundu zikikutana na maji ya chuma na umeme mdogo, kioo kinavaa bluu kidogokidogo, kwanza kama anga, mwisho kama wino. Alinieleza kwa vidole vyake kwamba ndani ya bluu ile chuma kimejipanga kama nyumba yenye vyumba na milango. Ukisukuma umeme, chumvi ya ndani ya maji inaingia kwenye vyumba na bluu inatoweka. Ukigeuza nyaya, chumvi inatoka, bluu inarudi.

Ila si chumvi yoyote. Hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo maabara ilipotaka kutuponyoka. Chumvi ya dukani, alisema, ikiingia majini huvaa makoti mazito, haipiti kwenye milango ile. Inayopita ni ya ukoo wa potasi, na potasi ya maabara ilikwisha tangu enzi za walimu wa kigeni. Basi akaenda Lumino kwa jamaa zake. Kule, chumvi ilipoadimika, akina mama walikuwa wamerudia chumvi ya zamani: wanachoma maganda ya ndizi na mashina ya maharage, majivu wanayaweka kwenye chungu chenye tundu, wanamwagia maji, na kinachochuruzika chini wanapikia mboga za kunde. Hiyo ndiyo potasi. Watu waliionea haya. Mgeni akija, hata kama ni mkwe wa mbali, unazunguka mtaa mzima kuazima chumvi nyeupe ili asijue unakula maji ya majivu. Mwalimu akaibeba kwenye chupa mapajani mpaka Tororo kama mtu aliyebeba mtoto.

Peke yake maji hayo ni makali, yangekula bluu yote na kuacha kutu. Kwa hiyo aliyapooza kwa asidi, tone kwa tone. Yanatoa povu, unaongeza, yanatoa povu, unaongeza, mpaka yakiacha ndipo yamekuwa mapole. Akayaweka kwenye chupa moja, rangi yake kama chai ya rangi iliyochujwa mara ya pili. Vioo viwili vikakabiliana, kimoja chenye bluu, katikati ukingo wa mpira wa baiskeli uliozibwa kwa nta, pembeni fimbo za kaboni alizozitoa kwenye betri zilizokufa. Juu akaacha nafasi ya kumiminia maji. Nta ilikuwa inavuja, kwa hiyo maji aliyaweka siku ya kazi tu. Nilikiona kikifanya kazi kwa macho yangu, jioni moja shuleni, wasichana wamenizunguka. Bluu iliondoka kama mtu aliyefungua pazia, na ikarudi. Nilirudi Busia nikiimba kwenye lori.

Siku ya Meja nilikuwepo kwa sababu nilikwenda kuweka kioo cha dirisha la ofisi. Malori mawili ya kijeshi yalikuwa yamesimama nje ya maabara, migongo imeelekea mlangoni. Meja alikaa mbele, maofisa wake nyuma. Wasichana walisimama ukutani na makoti yao yanayong'aa. Mkuu wa shule, katika kutafuta kupendeza, alikuwa amefanya jambo lake: nyuma ya kioo cha bluu aliweka picha ya Rais, ili bluu ikiondoka uso wa mtukufu utokeze. Mwalimu alipoiona alimtazama Mkuu kwa sekunde moja, kwa jicho ambalo nisingependa kutazamwa nalo. Lakini wageni walikwisha kaa.

Akamimina maji, akaunga betri. Bluu ikafifia kidogo, ikasita. Akageuza nyaya, akajaribu tena. Safari hii haikusogea hata chembe. Uso wa Rais ulibaki umezama ndani ya bluu, macho tu yanaonekana kwa mbali. Miaka ile watu walipotea kwa makosa madogo kuliko hayo. Ofisa mmoja alisimama akarekebisha mkanda wake. Wallahi nilianza kupima kwa macho umbali wa mlango.

“Mwalimu,” Meja alisema, “hii kitu yako imekufa?”

 Mwalimu alikuwa ameinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Maji yalikuwa meupe, safi, kama ya mvua. Akageuka taratibu, akauliza ni nani amegusa chupa hii. Mkuu wa shule akainua mkono kwa aibu yenye fahari ndani yake. Alikuwa amemwaga yale maji ya majivu asubuhi, akaiosha chupa, akatia chumvi nyeupe aliyoificha ofisini kwa ajili ya siku kubwa. Alisema hakuweza kuwawekea wageni wa hadhi ile maji ya majivu. Namwelewa hadi leo. Mama yangu mzazi angefanya vilevile.

“Haijakufa, afande,” Mwalimu akasema. “Imelishwa chakula si yake. Nipe muda wa kupika chai.”

Meja alitazama saa, akatazama picha. Nadhani ni ile picha iliyomzuia. Hakuna ofisa ambaye angetaka kuondoka akimwacha Rais katika hali ile. Akaitikia. Mwalimu akaniangalia mimi, nami nikakimbia jikoni. Mpishi alikuwa na chungu chake cha majivu pembeni, akaniambia, “Maji iko, lakini kali sana.” Nikabeba bakuli na nusu ya maji yakanimwagikia shati. Wakati ule hakukuwa na asidi mkononi, yote ilikuwa imekwisha kwenye bati. Palikuwa na ndimu tu, sahani nzima, zilizoandaliwa kwa samaki wa wageni.

Hapo alifanya jambo ambalo Tororo walilizungumza mpaka vita vilivyowang'oa wanajeshi wale. Alizikata ndimu katikati, akachukua sahani, akaiweka mapajani mwa Meja, bakuli la maji mbele yake.

“Afande, mikono ya wasichana inatetemeka,” akasema. “Wewe una nguvu. Kamua.”

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Meja alikuwa amevua saa yake na kukunja mikono ya shati. Akakamua. Povu likapanda kwenye bakuli, akashtuka, akakamua tena. Mwalimu alisimama juu yake kama alivyosimama juu ya wanafunzi wote, akamwambia taratibu, tone kwa tone, ngoja, sasa tena, usiwe na papara. Akamweleza kwamba povu likiwa bado lipo bluu yote itageuka kutu, na kwamba yeye ndiye atakayejua limekwisha. Yule mtu aliyekuwa akitisha wilaya nzima aliinama juu ya bakuli, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, akingoja povu. Maofisa wake wakasogea kuchungulia. Mmoja akasema bado, liko hapa kwenye ukingo. Meja akamwambia anyamaze, anaona mwenyewe.

Povu likaisha. Mwalimu akasuuza kioo kwa maji ya mvua, akamimina yale mapya, akampa Meja nyaya mbili azishike. Akamwonyesha pa kugusa.

Bluu ikaanza kuondoka kutoka ukingoni. Ikaondoka kwenye kofia, ikaondoka kwenye paji la uso, ikaondoka kwenye medali zote, na Rais akawa anatutazama kutoka kwenye kioo cheupe kabisa. Wasichana wakapiga vigelegele bila kuruhusiwa na mtu. Mkuu wa shule alilia. Mimi nilimkumbatia mpishi, na shati langu likiwa linanuka majivu. Meja akageuza nyaya, bluu ikarudi. Akageuza tena. Akawa anamfunika Rais na kumfunua, anamfunika na kumfunua, anacheka peke yake, na sisi wengine wote tukatazama dari kwa adabu.

Alipochoka aliosha mikono. Akasema stoo ataitafuta mahali pengine. Wakati wa kutoka alimwuliza Mwalimu kama chumba hiki kinakosa kitu, naye akasema kinakosa asidi. Wiki iliyofuata lori moja kati ya yale mawili lilirudi, na badala ya kubeba meza likashusha asidi ya betri kutoka gereji ya kambi. Wasichana walifanya mtihani wao wa vitendo humohumo. Yule mwenye akili ya kuwa daktari amekuwa daktari, na ndiye aliyenifungua jipu la mgongo miaka ile ya baada ya vita bila kunionea huruma hata kidogo, kama alivyofundishwa.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikuja dukani kwangu na chupa ya maji ya majivu, zawadi kwa mke wangu. Mke wangu akaipokea mbele za watu, bila kuificha. Baadaye wanawake wa mtaani kwetu waliacha kuazima chumvi kwa ajili ya wageni. Ukiwauliza, wanakwambia hii ndiyo iliyomshinda Meja. Na Mwalimu alipokuwa akipita sokoni, wauza mboga walikuwa wakimtilia kunde kikapuni bila kumwuliza. Alizipokea kama mtu anayestahili, kwa sababu alistahili.

Nilimwona mara ya mwisho miaka mingi baada ya hayo yote, wanajeshi wale wamekwisha kwenda, na mimi nimezeeka mgongo. Nilipeleka vioo vya kanisa pale shuleni. Alikuwa amestaafu na kuhamia kijijini, lakini nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya maabara, fimbo mapajani, mlango ulio nyuma yake umefungwa. Ndani kulikuwa na mtihani wa vitendo. Vyombo vya kioo viligongana humo, maji yalifunguliwa na kufungwa, mtu akapiga chafya. Nikamsalimu, tukaulizana habari za nyumbani, nikaona jinsi sikio lake moja linavyonisikiliza mimi na jingine limebaki mlangoni.

Nikamwuliza kwa nini anakaa juani, ilhali hakuna mtu shuleni pale ambaye angethubutu kumzuia kuingia.

“Niingie nikae wapi, Haji?” akasema. “Kumejaa.”

Akanionyesha kwa fimbo. Kwenye majani, kivulini mwa ukuta, wasichana wengine wengi walikuwa wameketi na makoti yao meupe, wakingoja zamu ya pili kwa sababu meza hazikutosha. Alisema maneno hayo mara moja tu, lakini uso wake uliendelea kuyasema. Nikaketi kando yake kwenye ngazi. Kengele ilipolia, wa kwanza wakatolewa kwa mlango wa upande wasije wakanong'ona na wenzao, na wale wa kwenye majani wakapanga mstari, wakatupita sisi wawili pale, wengine wakimgusa bega kwa heshima bila kumjua ni nani, mpaka wa mwisho alipoingia na mlango ukafungwa.